Matumizi Bora ya Barua Pepe katika Biashara ya Kahawa

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na wakulima wa kahawa wa Izimbya, Mkoa wa Kagera. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wote wanaouza mazao yao nje ya nchi.



Katika nchi ya Wahaya, mgeni aingiapo nyumbani hapokewi kwa maneno ya biashara. Hutanguliziwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, akaitia kinywani, kisha ndipo akaulizwa habari za huko atokako na shida iliyomleta. Kabla kahawa haijawa zao la kutiwa magunia na kupakiwa melini, ilikuwa tayari ni njia ya watu kufahamiana na kuaminiana.

Leo kahawa ya kibanja cha Izimbya hununuliwa na watu ambao hawataingia katika nyumba ya mkulima maisha yao yote. Mnunuzi aliyeko London au Amsterdam haoni migomba inayoipa mibuni kivuli, wala haoni mikeka ambayo kahawa imeanikwa. Kitu cha kwanza anachokiona ni barua, na barua hiyo kwa sehemu kubwa si ya karatasi tena. Ni barua pepe, na mnunuzi huupima uaminifu wa chama kwa namna ilivyoandikwa.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja: kwamba barua pepe ya biashara ina uzito ule ule wa barua iliyotiwa saini na muhuri, na kwamba faida yake haitokani na wingi wa watu wanaopelekewa, bali na ukamilifu wa habari zake, ukweli wa ahadi zake, na ulinzi wa anwani inayotoka. Chama kinachozingatia hayo hupata soko na kulihifadhi. Chama kisichoyazingatia chaweza kupoteza mapato ya msimu mzima kwa mstari mmoja wa maandishi.

HABARI ILIVYOKUWA IKISAFIRI

Wakulima wa kahawa wa Bukoba walianza zamani kuuza kwa umoja. Chama kikuu cha Bukoba Native Co-operative Union kilianzishwa mwaka 1950. Baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, kazi hiyo ikaendelezwa, na hatimaye kikapatikana chama kikuu kinachojulikana kwa jina la KCU (1990). Kwa miaka mingi habari za bei na mauzo zilipita kwa posta, kwa simu ya maandishi, kisha kwa teleksi na faksi. Vyombo hivyo vilikuwa ghali na vilikaa mjini. Mkulima wa kijijini aliipata bei ikiwa imekwisha kuamuliwa na wengine.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni soko lenyewe. Mwaka 1988 alama ya Max Havelaar ilianzishwa nchini Uholanzi kwa ajili ya kahawa ya wakulima wadogo inayonunuliwa kwa masharti ya haki. Mwaka uliofuata mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei zikaanguka. Katika miaka ya 1990 KCU iliingia katika soko hilo la biashara ya haki, ikawa inauza sehemu ya kahawa yake moja kwa moja kwa wanunuzi wa Ulaya. Wakati huo huo, kuanzia msimu wa 1994/95, serikali iliwaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa kwa wakulima, na ushirika ukalazimika kushindania kile ulichokuwa ukikipata bila mshindani.

La pili ni chombo cha mawasiliano. Barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilipelekwa mwaka 1971 na mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, ambaye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mahali alipo. Mwaka 1992 ukawekwa utaratibu wa kuambatisha picha na majedwali. Kikoa cha Tanzania, yaani herufi "tz" zinazomalizia anwani za nchi hii, kiliandikishwa mwaka 1995. Waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yaliyokuwa yakitegemea satelaiti yakaongezeka kasi. Leo katibu wa chama cha msingi aweza kupokea barua kutoka Ulaya kwa simu yake ya mkononi akiwa amesimama penye mizani.

Inafaa kukumbukwa kwamba chama cha msingi kwa kawaida hakipakii kahawa melini chenyewe. Kahawa hupita katika chama kikuu, hupita katika kiwanda cha kukoboa mjini Bukoba, na huongozwa na kanuni za Bodi ya Kahawa. Kwa hivyo barua pepe za chama cha msingi nyingi zitakwenda kwa chama kikuu, kwa wakaguzi wa vyeti na kwa taasisi za serikali, na chache zitakwenda kwa wanunuzi wenyewe. Yanayosemwa hapa yanahusu barua zote hizo, kwani kosa lililoandikwa Izimbya hufika London likiwa kosa vile vile.

HASARA YA KUCHELEWA

Bei ya kahawa ya robusta hupangwa kwa kufuata soko la London, ambako hutajwa kwa dola za Marekani kwa tani moja ya kahawa iliyokobolewa. Soko hilo halina utulivu. Mwaka 2001 bei ilishuka chini ya dola 500 kwa tani. Mwaka 2024 ilivuka dola 5,000. Kati ya miaka hiyo, na hata kati ya Jumatatu na Ijumaa ya wiki moja, bei hupanda na kushuka.

Na uchukuliwe mfano wa kontena moja la futi 20. Kontena hilo hupakiwa magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2 za kahawa safi. Kwa kuwa kahawa ya maganda hutoa takriban nusu ya uzito wake ikikobolewa, kontena hilo ni sawa na tani 38 hivi za maganda. Ikiwa kila mkulima ameleta kilo 200, kontena moja ni jasho la wakulima 190. Endapo mnunuzi ameuliza swali siku ya Jumatatu, katibu akalijibu siku ya Alhamisi, na bei ikawa imeshuka dola 100 kwa tani, hasara ni dola 1,920. Wakulima hao hawakukosea lolote katika kuchuma wala katika kuanika. Wamepunjwa na ukimya.

Ukimya huo una sura nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo inajulikana Kagera kwa jina la butura. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa mtu anayetoa fedha kidogo leo ili achukue mavuno yote kesho. Serikali imeipiga marufuku, lakini inaendelea kwa sababu inatokana na mambo mawili: shida ya fedha ya haraka, kama vile ada ya skuli au matibabu, na kutojua kahawa hiyo itakuwa na bei gani. Ingekuwa uongo kusema kwamba barua pepe yaweza kuondoa shida ya kwanza. Ya pili inaweza kupunguzwa. Chama kinachopokea bei kila wiki kutoka chama kikuu na kuibandika penye mizani kimempa mkulima silaha ya kumjibu mwenye butura. Na chama kinachojibu barua kwa wakati hulipwa kwa wakati, na mkulima akilipwa mapema haja yake ya kukopa hupungua.

BARUA ILIYOKAMILIKA

Barua nyingi za biashara hushindwa kabla ya kusomwa. Mada huachwa tupu, au huandikwa neno moja, "Kahawa" au "Salamu". Mnunuzi anayepokea barua nyingi kwa siku hana namna ya kujua ipi ina haraka. Barua yenyewe huwa ndefu, ikaeleza historia ya kijiji na matatizo ya barabara, na mwishoni ikasema kwamba chama kina kahawa nzuri na kinaomba soko. Mnunuzi hakuambiwa ni kahawa ya aina gani, ni kiasi gani, itakuwa tayari lini, wala sampuli yaweza kupatikana wapi. Ataijibu kwa maswali manne, au hataijibu kabisa.

Barua iliyokamilika yaweza kuwa fupi kama hii:

"Mada: Robusta ya maganda, magunia 320, sampuli tayari, jibu linaombwa kabla ya 14 Juni.

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Ununuzi. Salaam. Chama kina kahawa ya robusta iliyoanikwa kwa jua, ya msimu huu, inayotosha magunia 320 ya kilo 60 baada ya kukobolewa. Itakuwa tayari kupakiwa mwishoni mwa Julai kwa kupitia chama kikuu. Sampuli ya gramu 500 yaweza kupelekwa mara anwani ya kupokelea itakapotolewa. Bei inaombwa itajwe kwa dola za Marekani kwa tani, mzigo ukiwa melini Dar es Salaam, na ielezwe kama malipo ya ziada ya biashara ya haki yamo ndani ya bei hiyo au la. Majibu yapelekwe kwa Katibu, nakala kwa Mwenyekiti."

Barua hiyo inasomwa kwa muda usiozidi dakika moja na inajibika kwa barua moja. Salamu imo, kwani adabu haikuondolewa na mashine. Lakini salamu ni mlango wa nyumba, na mgeni hakai mlangoni.

Sharti la kutaja kipimo halikuwekwa kwa urembo. Katika biashara ya haki, malipo ya ziada kwa kahawa ni senti 20 za Marekani kwa kila ratili. Tani moja ni ratili 2,204 na zaidi kidogo, kwa hivyo malipo hayo ni takriban dola 441 kwa tani, na kwa kontena moja yanazidi dola 8,400. Fedha hizo hujenga darasa au kununua miche. Chama kilichopokea bei bila kuuliza kama malipo hayo yamo au hayamo, chaweza kugundua tofauti hiyo wakati mzigo umekwisha vuka bahari.

Hali kadhalika, uangalifu unatakiwa katika mambo matatu madogo ambayo huwapotosha wageni.

Kwanza ni saa. Mswahili akiandika kwamba atapiga simu saa tatu asubuhi, mgeni huelewa ni saa ambayo watu wangali wamelala. Katika barua za nje iandikwe 9:00, na ielezwe kwamba ni saa ya Afrika Mashariki. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto, hivyo barua inayohitaji jibu la siku hiyo hiyo iondoke mapema.

Pili ni tarehe. Maandishi 5/6 kwa Mtanzania ni tarehe 5 Juni, na kwa Mmarekani ni tarehe 6 Mei. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi.

Tatu ni tarakimu. Katika nchi kama Ujerumani, nukta hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu za kumi, kinyume cha desturi ya Tanzania. Kiasi kikubwa kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno pia, kama inavyofanywa katika hundi.

KUTAFUTA SOKO BILA KUUDHI

Kwa kuwa kupeleka barua pepe hakuhitaji stempu, wako wanaodhani kwamba kupeleka barua elfu moja ni bora kuliko kupeleka kumi. Jaribio hilo ni la zamani. Mwezi Mei 1978 ofisa wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Marekani, Gary Thuerk, alipeleka tangazo moja kwa watu takriban 400 kwa mara moja bila wao kuliomba. Malalamiko yalimrudia papo hapo, na hadi leo anatajwa kuwa mwanzilishi wa barua za kero. Tangu hapo kompyuta za kupokea barua zimefundishwa kuzitambua barua za namna hiyo na kuzitupa jaani kabla mwenyewe hajaziona. Chama chenye mazoea hayo hujikuta hata barua zake za maana zinatupwa pamoja na za kero.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mtu matangazo ya biashara asiyoyaomba; inataka iwepo ridhaa yake, ajulishwe tangu mwanzo ni nani anayemwandikia na kwa madhumuni gani, na apewe nafasi ya kukataa asiletewe tena. Kwa hivyo chama kinachotaka kutangaza kahawa yake kichague wanunuzi wachache ambao ni dhahiri wananunua robusta, kiwaandikie kila mmoja kwa jina lake au kwa cheo chake, na kionyeshe kwamba kinaijua kazi yake. Asiyejibu akumbushwe mara moja baada ya wiki moja, kisha aachwe. Aliyekataa ashukuriwe, msimu ujao huenda akarudi mwenyewe.

Aidha, anwani za wanunuzi zisiwekwe zote wazi katika barua moja. Anayefanya hivyo humwonyesha kila mnunuzi orodha ya washindani wake, na hugawa anwani za watu bila idhini yao. Ikiwa ni lazima habari moja iende kwa wengi, itumiwe nafasi ya nakala ya siri.

Wakati wa kutangaza usisahau wakati wa kutoa habari mbaya. Mvua ikiharibu kahawa mikekani, au mzigo ukichelewa kiwandani, mnunuzi aambiwe siku ile ile kabla hajauliza. Wanunuzi husamehe mzigo uliochelewa kwa taarifa kuliko uliochelewa kimya kimya.

ANWANI NI MALI YA CHAMA

Katika vyama vingi anwani ya barua pepe ni ya katibu binafsi. Aliifungua kwa jina lake na kwa simu yake, na neno la siri analijua yeye peke yake. Siku atakapohama, au uchaguzi utakapomweka mwingine, barua zote za wanunuzi huondoka pamoja naye. Mnunuzi wa miaka mitano huandika na hapati jibu, akadhani chama kimekufa.

Inashauriwa kwamba anwani ifunguliwe kwa jina la chama na kwa uamuzi wa bodi ulioandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa na kuwekwa pamoja na muhuri wa chama. Uthibitisho wa hatua mbili, ambao humtaka anayefungua barua aweke pia namba inayoletwa kwa simu, uwekwe kwa simu ya ofisi. Viongozi wanapokabidhiana ofisi, anwani ikabidhiwe pamoja na vitabu vya hesabu na mizani, na neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo.

Barua za mikataba zichapwe na kuwekwa jaladani. Sheria iliyotajwa ya mwaka 2015 inatambua makubaliano yaliyofanywa kwa njia ya kielektroniki. Maana yake ni kwamba barua pepe ya mnunuzi ni ushahidi kwa faida ya chama, na barua pepe ya katibu ni ushahidi dhidi ya chama. Katibu anayejibu "Bei imekubaliwa" kabla bodi haijakaa amekifunga chama kwa neno ambalo hakupewa mamlaka ya kulisema. Aseme kwamba barua imepokelewa na kwamba uamuzi utatolewa siku fulani, kisha siku hiyo ifikapo aandike.

MSTARI UNAOIBA MSIMU MZIMA

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya wizi wa malipo, na haihitaji mwizi kufika Izimbya. Mwizi hupata neno la siri la mmoja wa wanaoandikiana, aghalabu kwa kumpelekea barua ya uongo inayomtaka alithibitishe. Akiisha kuingia, hakai kuharibu. Husoma. Hujua ni mzigo gani, wa kiasi gani, na utalipwa lini. Siku ya malipo ikikaribia, huandika kwa lugha ile ile na salamu zile zile: kwamba akaunti ya benki imebadilika kwa sababu ya ukaguzi, na fedha ziingizwe katika akaunti mpya. Pengine huandika kutoka anwani inayofanana mno na ya kweli, ambamo herufi r na n zimewekwa pamoja ili zisomeke kama m.

Wizi wa namna hii umeenea duniani. Kwa mwaka 2023 pekee, idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliripotiwa hasara za takriban dola bilioni 2.9 zilizotokana nao. Miongoni mwa waliopoteza fedha hizo yamo makampuni yenye wanasheria na wahasibu. Kwa kontena la mfano uliotolewa, kama bei ni dola 4,000 kwa tani, malipo ni dola 76,800. Fedha hizo zikiingia akaunti ya mwizi, aghalabu huhamishwa mara moja na huwa vigumu kurudi. Kahawa imekwenda, fedha hazipo, na wakulima 190 wanasubiri penye mlango wa ofisi.

Kinga yake haina gharama. Tangu mkataba unapotiwa saini, iandikwe ndani yake kwamba akaunti ya malipo haitabadilishwa kwa barua pepe peke yake. Taarifa yoyote ya kubadili akaunti ithibitishwe kwa simu, kwa kutumia namba iliyomo katika mkataba wa asili na siyo namba iliyomo katika barua hiyo mpya, na wazungumzaji wawe ni watu wanaojuana sauti. Utaratibu huo uwahusu pande zote mbili: mnunuzi akiletewa akaunti mpya ya chama, na chama kikiletewa akaunti mpya ya msafirishaji au muuza pembejeo. Anayeharakishwa ndiye anayepaswa kusimama. Mtu mwaminifu hatachukia kupigiwa simu.

Ikitokea kwamba fedha zimekwisha pelekwa, benki ijulishwe saa hiyo hiyo kabla ya jambo jingine lolote, kisha polisi. Kuficha kwa kuona haya humpa mwizi muda anaouhitaji.

TAARIFA ZA WAKULIMA

Liko jambo jipya ambalo litaongeza barua za vyama vya msingi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka waingizaji wa kahawa na mazao mengine kuthibitisha kwamba hayakutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha anza kuomba mahali halisi pa kila shamba. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, ambalo ndilo shamba la wakulima wengi wa Kagera, inatosha nukta moja ya ramani inayopimwa kwa simu.

Hivyo orodha yenye majina ya wakulima na mahali pa vibanja vyao itasafiri kwa barua pepe. Orodha hiyo ni mali ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa ajili gani, na zilindwe zisitumike kwa jambo jingine. Mkulima aelezwe mkutanoni kabla ya kupimiwa kibanja. Orodha ifungwe kwa neno la siri kabla ya kuambatishwa, na neno hilo lipelekwe kwa njia nyingine, si katika barua ile ile. Iwe nyepesi pia: baadhi ya huduma za barua hazipokei kiambatisho kinachozidi megabaiti 25, na mtandao wa kijijini huchoka mapema kuliko hapo.

MAAGIZO KWA UFUPI

Viongozi wa vyama wanaombwa kuzingatia yafuatayo na kuyabandika mahali pa wazi ofisini:

1. Anwani ya barua pepe ifunguliwe kwa jina la chama na kukabidhiwa kila viongozi wanapobadilika.
2. Barua zifunguliwe kila siku ya kazi. Kila barua ya mnunuzi ijibiwe siku hiyo au siku ya pili yake, hata kama jibu ni kwamba uamuzi unasubiriwa.
3. Kila barua iwe na mada inayotaja zao, kiasi na tarehe ya mwisho wa kujibu.
4. Bei itajwe pamoja na fedha, kipimo na mahali pa kukabidhi mzigo. Mwezi uandikwe kwa herufi.
5. Neno la kukubali bei au mkataba lisiandikwe kabla ya uamuzi wa bodi.
6. Mabadiliko ya akaunti ya benki yasikubaliwe kwa barua pepe peke yake.
7. Taarifa za wakulima zisipelekwe bila ya wao kuelezwa, wala bila ya kufungwa.
8. Bei iliyopokelewa ibandikwe penye mizani siku ile ile ilipopokelewa.

Agizo la nane limewekwa mwisho kwa makusudi. Mkulima mwingi wa Izimbya hatafungua barua pepe ya chama, na hana haja ya kuifungua. Anachohitaji ni kujua kwamba alichoandikiwa kimemfikia. Barua iliyotoka London ikafika ofisini kwa nukta chache, kisha ikalala ndani ya simu ya mtu mmoja kwa wiki mbili, haina tofauti na barua iliyopotea njiani zama za posta. Safari ya habari haijakwisha mpaka imsimamie mwenye gunia mbele ya mizani, akaisoma, akajua thamani ya jasho lake kabla hajalikabidhi.